Jina Kapuni: Mzee wa Maabara Aliyeniazima Themomita

Leo nina jina kapuni, ila msianze kubashiri mapema. Sio msanii, sio mchezaji, hana gari la kuazima wala kesi ya matunzo ya mtoto. Ni mzee mmoja wa koti la bluu lililopauka, aliyekaa zaidi ya miaka 30 kwenye maabara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja hapa nchini. Kama umesoma fizikia pale, lazima umewahi kumuomba waya au betri. Chuo nacho kapuni. Sababu nitaitoa mbele.

Kwanza mnijue. Mimi ni binti wa Kyerwa, upande wa Nkwenda. Kwa wale ambao ramani ya nchi kwao inaishia Chalinze: Kyerwa iko Kagera, ilimegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012, na ukifika Murongo umebakiza mto tu uingie Uganda. Huku ni migomba, kahawa na milima, na milima mingi inapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hiyo namba ishikeni.

Kwetu maharage ni chakula cha kila siku, na kuyapika ni kazi ya nusu siku. Likizo moja nikaenda kwa shangazi Dar, maza akanifungashia maharage ya nyumbani kwenye kiroba kama ilivyo desturi, maana Mnyambo haendi kwa mtu mikono mitupu. Shangazi akabandika saa nne asubuhi. Saa sita tunakula. Mimi nimeduwaa. Maharage yale yale, ya shamba lile lile, nyumbani yakibandikwa saa nne kula ni saa saba na kitu, tena bado mengine yanagoma mdomoni.

Nikarudi shule, kidato cha tatu, nikanyoosha kidole kwenye kipindi cha fizikia. Nikauliza kwa nini. Mwalimu (kapuni, na shule kapuni) akacheka kabla sijamaliza. Akasema maji yanachemka kwa nyuzi 100, kwa shangazi yako, kwa mama yako na Ulaya, na maswali ya mapishi yapelekwe jikoni. Darasa zima kicheko.

Kama ni kucheka tu ningekausha. Shida ikawa jina. Kuanzia siku ile naitwa Maharage. Na nyie mnajua Kiswahili cha mtaani, kuna ule msemo wa maharage ya Mbeya, maji mara moja, na mnajua anasemwa nani. Binti wa miaka 16 anayepita mbele ya bweni la wavulana akiitwa hivyo, haiwi tena stori ya fizikia. (Kwa taarifa yenu, Mbeya mjini iko juu kama mita 1,700. Kwa hesabu ya mwinuko maharage yalitakiwa yachelewe kuiva kule kuliko kwetu. Yakiwahi ni mbegu na umri wake, sio maji. Waliotunga msemo hawakupima.)

Enzi zetu sekondari, fizikia ukifika kidato cha tatu ilikuwa ya kuchagua. Wasichana tulioichagua tulikuwa wachache, na baada ya muda tukawa wachache zaidi. Mimi nilibaki kwa hasira, sitadanganya kwamba ilikuwa ni mapenzi ya sayansi. Ila sikuuliza tena swali darasani. Miaka yote iliyobaki ya sekondari sikunyoosha kidole. Nilikuwa nafaulu kimya kimya.

Chuo nikaingia idara ya fizikia. Ukutani kwenye korido kuna ubao wa matangazo: semina ya Ijumaa, mgeni kutoka Sweden, profesa fulani kachapisha andiko, ratiba ya utetezi wa tasnifu. Kila tangazo lina majina na vyeo vimepangwa kama treni. Ukikaa pale wiki mbili unaanza kuona kitu. Aliyefunga projekta ya semina, aliyechomelea ule mtambo wa mgeni wa Sweden uliofika umevunjika, aliyekuja Jumapili kuzima jenereta ili vifaa visiungue, wote hao ni mtu mmoja, na hayupo kwenye karatasi hata moja.

Siku ya kwanza kukabidhiwa vifaa nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akaniangalia.

"Marahaba. Wewe binti ni wa wapi? Hiyo lafudhi naijua."

"Kyerwa."

"Kyerwa ya wapi? Mimi naondoka kule, yote ilikuwa Karagwe." Akaniongelesha Kinyambo mbele za watu, nikaona aibu na raha kwa pamoja.

Yeye ndiye aliyenipa stori ya Mpemba vizuri. Najua wengi mmeisikia kwa juu juu, Mtanzania wa aiskrimu. Hebu niiseme yote, maana inanoga.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ni ya kugombania. Siku moja akaona nafasi zinaisha, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Mwenzie kaweka yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yameganda, ya mwenzie bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa kachanganyikiwa, hiyo haiwezekani. Akaenda Tanga mjini likizo, akakuta rafiki yake muuza aiskrimu anafanya hivyo hivyo kila siku, anaweka ya moto ili yawahi, wala hana shida na mwalimu yeyote.

Akapanda kwenda Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio ya ulimwengu. Ikawa utani wa darasa: ukikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba. Mnaona? Kila shule ina Maharage wake.

Halafu akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, kutoka idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiitwa University College. Alipomaliza mhadhara akakaribisha maswali. Mpemba akasimama na lile lile. Wenzake wakamuona anawaaibisha mbele ya mzungu. Osborne hakumkatalia. Alisema atakwenda kujaribu, na aliporudi Dar akajaribu kweli. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza, na yeye wakati huo yuko Chuo cha Wanyamapori Mweka, kule Moshi. Leo dunia nzima inaita jambo hilo kwa jina lake.

Hapo wengi huishia. Mzee ndipo alipokuwa anaanza.

"Sasa nikuulize binti. Nani aliyejaribu?"

"Si Osborne."

"Osborne alimwagiza teknishani wake. Kijana. Akampa maji ya moto na ya baridi, akamwambia kapime. Yule kijana akarudi akasema, ya moto yametangulia kuganda, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi." Mzee akacheka mwenyewe. "Watu hulisimulia hilo kama kichekesho, kwamba teknishani hakuelewa sayansi. Mimi nasema yule ndiye aliyefanya sayansi. Hakuamini, akarudia. Asingerudia, Mpemba angebaki na utani wake Iringa. Haya, niambie anaitwa nani."

Sikuwa na jibu. Kwenye simulizi yenyewe ameandikwa teknishani tu. Jina kapuni la kwanza kabisa kwenye fizikia ya nchi hii.

Basi ndipo nikamwambia ya maharage. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema lile swali kwa sauti tangu kidato cha tatu. Hakucheka. Alivua miwani, akaniuliza mfululizo kama askari: maharage yalikuwa ya gunia moja? Maji ya mvua au ya kisima? Shangazi anapikia mkaa, mama kuni, sasa moto je? Kuna aliyeweka magadi? Uliloweka usiku? Nilikuwa sijafikiria hata nusu ya hayo. Halafu akaenda kabatini, akarudi na themomita imefungwa kwenye soksi. Akanisainisha kwenye kaunta buku kama kawaida, ingawa ni wa nyumbani.

Nikaenda nayo likizo. Maza akanikuta nimeinama juu ya sufuria la maji, simu mkononi, nasoma vipimo. Akasema, "Waitu, kumbe ada yote ile ni ya kupima sufuria?" Maji yalikuwa yanatokota kabisa, mapovu mpaka juu. Themomita inasoma 95. Nikaongeza kuni. 95. Nikahamia kwa jirani aliye bondeni zaidi, ikapanda kidogo sana. Niliporudi Dar nikapima kwa shangazi: 100, mstari wenyewe.

Ni hivi. Maji yanachemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyoyakalia. Ukipanda juu hewa inapungua uzito, kwa hiyo maji hayahitaji joto kubwa kuishinda. Kila mita kama 300 unazopanda, unapoteza karibu nyuzi moja. Kwetu yanachemka kwenye 95, kileleni Kilimanjaro ni karibu 80. Na maji yakishachemka hata uongeze kuni za kijiji kizima hayapandi tena, unapoteza kuni tu. Maharage ya maza yanapikwa kwenye maji ya baridi kuliko ya shangazi, basi. Mkaa na kuni vina mchango wake, maji na umri wa mbegu pia, lakini zile nyuzi tano zipo, na haziko jikoni kwa mama. Ziko angani. Ndio maana ukiwa na sufuria la presha, Karagwe na Dar mnakuwa karibu sawa.

Nyuzi tano. Nilikaa na jina la matusi miaka kwa sababu ya nyuzi tano ambazo kipimo cha bei ndogo kingezionyesha darasani kwa dakika kumi.

Turudi chuoni, maana kuna tukio lilitrendi kidogo. Mwaka wangu wa pili idara iliandaa siku ya kupokea wanafunzi wa sekondari. Mahema, maji ya chupa, fulana. Kubwa la siku: kuonyesha laivu Athari ya Mpemba. Bika mbili, friza moja, wageni wamezunguka, kamera zote juu. Friza ikafunguliwa. Ya baridi yameganda vizuri. Ya moto yanacheza.

Kimya. Kisha kijana mmoja wa sekondari akasema kwa sauti, "Wamechemka!" Nyie mnajua watoto. Jioni kilikuwa kwenye stetasi za WhatsApp za watu nisiowajua: wasomi wa fizikia wachemka. Wahadhiri wawili watatu walionekana kutafuta pa kujificha, na mmoja akataka lawama imwendee mzee, eti friza haikuandaliwa.

Mzee hakujibu. Alibaki pale mpaka usiku, na mimi na wenzangu wawili tukabaki naye. Tukarudia siku ile na siku kadhaa zilizofuata. Akabadilisha sehemu ya bika, akabadilisha maji, akahamisha themomita, na kila jibu akaliandika kwenye kaunta buku kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, lile la kutuumbua na lile la kutufurahisha. Mara ya moto yakatangulia. Mara nyingi hayakutangulia.

Na kumbe ndivyo dunia yenyewe ilivyo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini, na yakaja maelezo zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa huko huko, wakarudia vipimo wakasema hawaoni ushahidi wa maana wa athari hiyo kwenye maji, na kwamba ukikosea kuweka themomita sentimita moja tu juu au chini, unaweza kujiona umeipata. Mwaka 2020 wengine huko Kanada, chuo cha Simon Fraser, wakaionyesha wazi, ila kwa chembe ndogo ndani ya maji, sio kwa barafu. Yaani zaidi ya miaka 50 watu wenye mitambo ya mabilioni wanabishania maziwa ya Magamba. Nilipomsomea mzee ile ya sentimita moja aliinuka akaenda kuangalia bika zake, hakusema neno.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa wa sola paneli. Watu wanadhani jua kali ndio umeme mwingi, lakini paneli ya kawaida ya silikoni ikipata joto inapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja. Mwanga ukiwa sawa, paneli ya Karagwe kwenye ubaridi inaweza kuishinda ya Dar inayoungua juu ya bati. Nilikuwa nimeshapima wiki tatu. Mzee akapita, akatumbukiza themomita yangu kwenye barafu inayoyeyuka, ambapo ilitakiwa isome sifuri. Ikasoma mbili. Kile kifaa cha maabara kilikuwa kinadanganya nyuzi mbili, na kingenipeleka mbele ya jopo na namba za uongo. Akanitengenezea jedwali la kusahihisha kwa mkono wake.

Nikaandika ripoti. Kwenye ukurasa wa shukrani nikaweka jina lake kamili, na alichofanya. Msimamizi wangu (kapuni, yupo, ana heshima zake) akakizungushia wino mwekundu: mafundi wanashukuriwa kwa ujumla. Nikarudisha bila kufuta. Hakusaini. Zimebaki siku mbili dirisha la kupokea ripoti lifungwe. Wenzangu wananiambia dada futa, ukihitimu utamnunulia soda. Nikaenda kwa mzee mwenyewe, naye akaniambia futa binti, usije ukapoteza mwaka kwa ajili ya mstari mmoja.

Sikufuta. Siku ya mwisho nikaingia ofisini kwa msimamizi na kaunta buku mkononi. Akauliza, hivi huyo mzee alikufanyia nini hasa? Nikafungua ukurasa wa barafu. Nikaweka pembeni grafu yangu ya kabla na ya baada. Akasoma taratibu. Akavuta kalamu, akasaini, akasema niwahi kabla karani hajafunga. Hatukuongea zaidi. Ripoti iko maktaba, na jina liko ukurasa wa nne.

Mwaka uleule mzee akafikisha 60, akastaafu. Kulikuwa na hafla, keki, hotuba. Walioagwa walikuwa watatu. Wawili walisomewa wasifu, wa kwake mshereheshaji akasema "na mzee wetu wa maabara" watu wakapiga makofi. Alikuwa amevaa suti aliyoinunua kwa ajili ya siku ile. Nilimuona anakunja karatasi, anairudisha mfuko wa ndani. Alikuwa ameandaa maneno ya kusema.

Kwa hiyo nilimpigia mwezi uliopita kumuomba nimuandike, kwa jina, na chuo, na kila kitu. Akakataa katakata. "Mtandaoni? Nina wajukuu wana simu. Acha kabisa." Nikambembeleza. Akasema maktaba inatosha. Ndio maana yuko kapuni leo, ila safari hii ni yeye aliyesema.

Amerudi Karagwe, ana kahawa na migomba. Msimu wa senene wa mwisho amegombana na majirani, maana wao wanaamini taa kali zaidi ndiyo inayovuta zaidi, yeye anadai ni rangi ya mwanga, na amefunga mitego miwili ya mabati, kila mmoja na taa yake, anahesabu senene kila alfajiri kabla mkewe hajawakaanga. Ananiambia usiku wa baridi matokeo yanabadilika. Kabla hatujakata simu alinipa oda ya vitu vya kumtumia na basi: themomita mbili, kaunta buku kubwa ya kwaya nne, kalamu za risasi. Nikamuuliza kwa nini themomita mbili. Akasema moja ikidanganya nitajuaje, na nauli ya mzigo nilipe mimi.